Nani mwingine anajua usukani?

 

Juma lililopita, kisha kuhesabu feza ya likirimba, mama mmoja wa kikundi chetu aliomba neno. Wengi wetu tunamjua bwana wake: ni mchuuzi wa ndakala, anapanda boti mpaka Kalemie na kurudi. Mwezi wa pili aliamka asubuhi upande mmoja wa mwili hausikii, na ulimi umefungwa. Wakamfikisha hospitalini. Huko wakaombwa feza ya kuanzia matunzo. Mama alijua kwamba bwana yake ana feza ndani ya simu, lakini namba ya siri hakuijua. Alijua kwamba kuna wateja wenye deni, lakini majina yao hakuyajua. Karatasi za kiwanja zilikuwa mahali fulani, yeye hajui wapi.

“Niliuza cherehani yangu,” akasema. “Na ile simu yenye feza ilikuwa ndani ya mfuko wa koti yake, pale pale juu ya kitanda.”

Tulinyamaza wote. Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anahesabu moyoni: na mimi, ninajua nini? Bwana akinyamaza leo, nitaanzia wapi? Na mimi nikinyamaza, yeye ataanzia wapi?

Ndiyo sababu juma hili tunawaelezea habari ya bibi na bwana waliokaa maisha yao ndani ya mashua. Wako mbali na sisi, na maisha yao hayafanani na yetu. Lakini swali la mama yule wao walilazimika kulijibu kila siku, maana kama mmoja tu angejua kazi, siku moja wote wawili wangekufa maji.

Majina yao ni Lin na Larry Pardey. Larry alikuwa Mkanada, fundi wa mbao na mtu wa bahari. Lin ni Mmarekani, alizaliwa mji wa Detroit mwaka 1944. Walikutana California mwaka 1965. Wakati ule Larry alikuwa anajenga mashua ya mbao kwa mikono yake. Lin hakuwa mzoefu wa mambo ya bahari. Lakini alibaki, akashika kazi pamoja naye. Ilipofika mwaka 1968 wakaiteremsha majini. Waliiita Seraffyn.

Pima kidogo nyumba yako, mama. Seraffyn ilikuwa na urefu wa mita 7 na sentimita 40 hivi, na upana usiofika mita 3. Ndani ya nafasi ile kulikuwa kitanda, jiko, meza, chakula, maji, vitabu, na vyombo vya ufundi vya Larry. Taa zilikuwa za petroli. Moteri hawakuweka. Walisema moteri inakula feza na inakula nafasi, na mahali pake wakaweka akiba ya chakula na vitu vya kazi. Upepo ukikosekana, walisukuma mashua kwa kasia moja refu la nyuma, polepole, kama vile wavuvi wetu wanavyosogeza mtumbwi.

Kilichowapeleka ni matanga. Tunasikia wengine mnashtuka: matanga hapa si yale ya msiba. Tanga ni kile kitambaa kikubwa kinachofungwa kwenye mlingoti ili kishike upepo. Wazee wetu wa ziwa wanakikumbuka.

Safari yao ya kwanza haikuwa ya kuvuka bahari kuu. Walifuata pwani. Kutoka California walielekea kusini, Meksiko, mpaka Ghuba ya California. Ni mkono wa bahari unaoingia katikati ya nchi kavu na rasi ndefu inayoitwa Baja California. Urefu wake ni kilometa 1,100 hivi, maana yake unapita ziwa letu la Tanganyika zaidi ya mara moja na nusu. Upande wa rasi ni jangwa: mawe, milima ya rangi nyekundu, miti ya miiba, na maji matamu machache sana. Wakati ule barabara ya lami ilikuwa haijapita rasi nzima. Ilimalizika mwaka 1973. Kwa hiyo vijiji vingi vya wavuvi vilifikiwa kwa mashua, ao kwa njia ya vumbi inayovunja magari. Tunajua vijiji vya namna ile.

Maisha ya pwani yana mpango wake. Asubuhi mnatazama mawingu na kusikiliza upepo kabla ya kung’oa nanga. Kama hali si nzuri, mnabaki. Kama ni nzuri, mnaenda bandari inayofuata, na mnajitahidi kufika jua bado liko juu, ili muone mawe yaliyo chini ya maji. Watu wasio na moteri hawawezi kuwa na haraka. Katika ghuba ile upepo wa kaskazini unavuma kwa nguvu wakati wa baridi, na miezi ya joto inaleta dhoruba kubwa. Mwenye mashua anajifunza majira kama sisi tunavyojifunza upepo wa kusini wa kiangazi, ule unaowafanya wababa warudi pwani na nyavu kavu.

Na chakula? Hapa ndipo wamama wengi watauliza. Barafu haikuwepo, friji haikuwepo. Watu wanaoishi hivi wananunua vitunguu, viazi, kabichi, mchele, maharagwe, vitu vinavyokaa. Viazi na vitunguu vinatazamwa kila mara. Kimoja kikianza kuoza kinatolewa mbio kabla hakijaambukiza vingine. Mayai wanayataka yale ambayo hayajaoshwa, na wanayageuza kila kisha siku chache, hivyo yanakaa majuma mengi. Sahani zinaoshwa kwa maji ya bahari, maana maji matamu ni ya kunywa na kupikia. Sisi wa ziwa tunasahau baraka hiyo: mtu anaweza kuzungukwa na maji pande zote na bado kufa kwa kiu.

Lin aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1980, kuhusu kulisha na kutunza watu wa chombo, kwa kufuata safari yao ndefu kutoka Japani mpaka Kanada. Kazi ya jikoni, aliihesabu kuwa kazi ya usalama. Mtu mwenye njaa na usingizi anakosea kamba, anakosea ramani, na kosa moja linatosha. Tulipenda jambo hilo. Nyumbani mwetu ni mara ngapi kazi ya mama inaitwa “kukaa tu”?

Sasa tufike kwenye usukani.

Wanaojua maisha ya mashua wanasema magomvi mengi ya bibi na bwana yanatokea wakati wa kutia nanga. Kwanza wanapima kina cha maji, na wakina Pardey walitumia kamba yenye risasi nzito kwenye ncha. Kisha wanashusha nanga. Lakini nanga haishiki kwa kushushwa wima tu. Maji yakiwa mita 5, inafaa kuachia mnyororo wa mita 15 ao zaidi, na kama ni kamba, mita 25 mpaka 35, ili nanga ilale na kuuma mchanga. Katika mashua nyingi bwana anashika usukani, kwa sababu ndio kazi yenye heshima, na bibi anatumwa mbele kuvuta chuma kizito. Bwana anapiga kelele toka nyuma. Upepo unachukua maneno. Bibi anasikia nusu, anaachia mnyororo wakati hautakiwi, na bandari yote inatazama.

Mabaharia wenye hekima wanageuza mambo. Mwenye nguvu ya mgongo aende kwenye nanga, mwingine ashike usukani. Na badala ya kelele, wanapatana alama za mikono: mkono juu maana yake simama, mkono wa kushoto maana yake geuza kushoto, na kadhalika. Wanapatana juu ya alama hizo mapema, wakati moyo umetulia, si wakati mawe yamekaribia.

Lin ni mwanamke mfupi sana, hafiki mita moja na nusu. Mtu angesema: huyu akae jikoni tu. Lakini katika mashua ya watu wawili, mmoja akilala mwingine analinda. Usiku mnapeana zamu kila kisha saa chache. Kwa zamu yake Lin alikuwa peke yake na chombo, na nyota, na meli kubwa ambazo hazimwoni. Mume amelala chini, na maisha yake yako mikononi mwa bibi yake. Kisha wanabadilishana.

Na kuna jambo moja ambalo kila bibi na bwana wa mashua wanalijua hata kama hawapendi kulitaja. Anayetembea mbele wakati wa upepo, anayepanda mlingoti, mara nyingi ni bwana. Akiteleza akaanguka majini, mashua haimngojei. Inaendelea kwenda na matanga yake, na kichwa cha mtu ndani ya mawimbi kinapotea mbele ya macho kwa dakika chache. Nani atageuza chombo? Nani atashusha tanga? Kama bibi hajawahi kushika usukani siku ya jua, hatajifunza siku ile. Kwa hiyo wanajifunga kwa kamba, na wanafanya mazoezi mapema: wanatupa kitu majini, na yule asiyezoea ndiye anayegeuza mashua na kukirudia, tena na tena, mpaka mikono ijue yenyewe.

Bwana anayempa bibi yake usukani hapunguzi ubwana wake. Anajiwekea mtu wa kumwokoa.

Wakina Pardey walikuwa pia na mapatano juu ya safari yenyewe: wataendelea muda ambao bado inawafurahisha. Neno dogo, lakini tuliongea juu yake sana kikundini. Mapatano hayo yanadai mtu amwulize mwenzake, na amwamini akijibu. Feza waliitafuta njiani. Larry alitengeneza mashua za watu, wote wawili waliajiriwa kupeleka mashua za wengine bandari hii mpaka ile, na Lin akaandika. Kitabu chake cha kwanza juu ya Seraffyn kilitoka mwaka 1976. Hawakungoja kuwa matajiri kwanza. Maisha yote waliwashauri wengine waanze na chombo kidogo na vitu vichache, kuliko kuzeeka bandarini wakingojea chombo kikubwa.

Ile safari ya pwani ilizaa nyingine. Walizunguka dunia na Seraffyn kwa miaka 11. Kisha walirudi California na kujenga mashua ya pili, Taleisin, ya mita 9, ikaingia majini mwaka 1983. Hiyo pia haikuwa na moteri. Mwaka 2002, Larry akiwa na miaka 62, waliipitisha kwenye rasi ya mwisho wa Amerika ya Kusini, Cape Horn, kutoka mashariki kwenda magharibi, yaani kupigana uso kwa uso na upepo. Ni mahali ambapo meli kubwa nyingi za zamani zilizama.

Namna gani watu wawili wanavumilia dhoruba ya siku nzima? Kuna ufundi ambao hao wawili waliufundisha wengi: kusimamisha chombo. Wanapunguza matanga mpaka kinabaki kitambaa kidogo, wanafunga usukani upande mmoja, na mashua inakaa pua yake karibu na upepo, haiendi mbele tena, inasogea polepole kwa ubavu. Maji inayoyavuruga yanavunja nguvu ya mawimbi yanayokuja. Ndani kunatulia. Wanaweza kupika chai, kufunga kidonda, kulala. Hawajashinda dhoruba, hawajakimbia. Wamesimama mpaka ipite.

Tunawaza nyumba zetu siku za hasira. Si kila ugomvi unamalizwa usiku ule ule. Mara nyingine inafaa wote wawili wapunguze matanga, wale, walale, na kesho waongee.

Hata hivyo dhoruba nyingine haipiti. Uzeeni Larry alishikwa na ugonjwa wa Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo: mikono inatetemeka, mwili unakazana, hatua zinakuwa fupi, na kwa wengine hata akili inachoka. Mikono iliyojenga mashua mbili haikuweza tena kazi yake. Wakati ule walikuwa wamejenga makao New Zealand, kwenye kisiwa cha Kawau. Larry alifariki huko New Zealand mwaka 2020.

Lin alilia bwana wake wa miaka zaidi ya 50. Lakini hakubaki kama mtu aliyetupwa kwenye chombo asichokijua. Alijua matanga, alijua nanga, alijua karatasi, alijua kazi inayoleta feza. Kisha hapo aliendelea kusafiri baharini na kuandika. Uchungu ni ule ule kwa kila mjane. Ila kwake haukuongezwa na kutojua.

Tulipowasomea habari hii wamama wa kikundi, hawakukosa majibu. Mmoja alisema: “Hao hawakuwa na watoto. Mimi nina sita, nani atalala zamu?” Ni kweli, Lin na Larry hawakuwa na watoto, na walichagua maisha ambayo wengi wetu hatuwezi kuchagua, hata hatuyataki. Sisi ziwa linatupa chakula, lakini linatuogopesha pia. Tumezika watu waliopanda boti zilizojaa kupita kiasi. Mwingine alisema: “Nikimwuliza bwana wangu namba ya simu, atasema ninamngojea afe.” Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana wengi wetu tungepata jibu lile lile.

Mama mmoja mzee ndiye alitupatia njia. “Usianze na yake,” akasema. “Anza na yako. Mwonyeshe wewe kwanza: feza yangu ya likirimba iko kwa nani, deni langu ni hili, kadi za chanjo za watoto ziko ndani ya sanduku hili, mtoto huyu anakunywa dawa hii saa hii. Umwambie: mimi nikianguka, usihangaike. Kisha unyamaze. Atasema yake.”

Basi juma hili, wamama, tunawaomba jambo moja. Tafuteni saa moja ya jioni, watoto wamelala, moyo umetulia, na mkae wawili na daftari. Andikeni: karatasi za kiwanja ziko wapi, na jina gani limeandikwa juu yake. Nani anatudai, na nani tunamdai, na kiasi gani. Feza ya ghafla iko wapi, na mwingine ataifikiaje. Masomo ya watoto yamelipwa mpaka mwezi gani. Nani aitwe kwanza usiku wa ugonjwa. Daftari lile lifungwe vizuri, lisitembee nje, namba za siri zisiandikwe mahali wageni wanapita. Mama asiye na bwana afanye hivyo na mtoto mkubwa, ao dada anayemwamini. Na yule ambaye nyumbani kwake swali la namna hii linaweza kuleta fimbo, asilazimishe. Aje kwetu siku ya mkutano, tutaongea pembeni.

Tena, mfanye mazoezi. Siku moja ya juma, bwana apike na kulaza watoto, na mama aende kudai deni la wateja. Mtakosea. Ni vizuri kukosea siku ya jua.

Yule mama aliyeuza cherehani alikuwepo tena alhamisi hii. Bwana yake anaanza kutembea kwa fimbo, na maneno yanarudi moja moja. Mkono wa kuume bado hausikii. Mama alituonyesha karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne. Juu yake kulikuwa majina saba na hesabu mbele ya kila jina, herufi kubwa kubwa zinazopanda na kushuka kama za mtoto wa mwaka wa kwanza.

“Ameandika kwa mkono wa kushoto,” akasema. “Siku mbili nzima. Jana nilienda kwa wa kwanza, na alilipa.”

Cherehani bado iko kwa yule aliyeinunua. Kikundi kimekubali kumkopesha mama ile iliyobaki ili aikomboe. Alhamisi ijayo tutakutana saa ile ile, na kila mmoja aje na daftari lake.